MISHIPA YA MOYO IKIZIBA: NAMNA YA KUVUMBUA NA KUTUNZA



Mara nyingi hapa Butembo, na huko Beni vilevile, tunasikia habari ya namna hii: baba mwenye nguvu alishika kifua, akatoka jasho la baridi, nyuma ya saa chache akafa. Kwenye kilio neno linaanza kuzunguka: "Wamempa sumu." Jirani anatajwa, na jamaa mbili zinachukiana miaka mingi. Hatusemi kwamba hakuna anayekufa kwa sumu. Lakini kuko ugonjwa unaoua hivyo hivyo, na tunapashwa kuujua mbele ya kushitaki mtu.

1. MOYO UNALISHWA NAMNA GANI?

Moyo ni pompi ya nyama, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe. Kwa siku unapiga mara 100.000 hivi, na mtu akipumzika unasukuma litri 5 hivi za damu kila dakika. Ajabu ni hii: damu nyingi namna hiyo inapita ndani yake, lakini siyo hiyo inayoulisha. Moyo unalishwa na mishipa yake miwili, wa kuume na wa kushoto, inayotoka mwanzoni mwa aorta na kuuzunguka kama taji. Inaitwa mishipa ya koronari. Upana wake ni milimetri 3 ao 4 tu.

2. INAZIBA NAMNA GANI?

Mafuta yaitwayo kolesteroli yanaingia polepole katika ukuta wa mshipa, miaka na miaka. Tumbako, tansio ya juu, ugonjwa wa sukari na uzee vinaongeza hatari. Njia ikiwa nyembamba, mtu anasikia kifua kinakazwa akipanda mlima na mzigo. Akipumzika dakika chache, inaisha. Hilo ni onyo, asilidharau.

Siku moja ukuta ule wenye mafuta unapasuka, damu inaganda pale, na njia inafungwa kabisa. Sasa maumivu hayaishi hata akikaa kimya. Yanapita dakika 15, yanaenda mkononi, shingoni ao kwenye taya, pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu na pumzi fupi. Wengine, zaidi wazee, wanawake na wenye sukari, hawasikii maumivu makali. Nyama ya moyo isiyopata damu inaanza kufa, na ile iliyokufa hairudi tena.

3. WAGANGA WANAVUMBUA NAMNA GANI?

a) Wanauliza: maumivu yalianza saa ngapi, yanaenda wapi?
b) Elektrokardiogramu. Wanabandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine inaandika mwendo wa moyo juu ya karatasi. Ni dakika chache, na haiumi.
c) Damu. Wanatafuta troponini, kitu kinachotoka katika nyama ya moyo iliyoumia.
d) Ekografia, kwa kuona moyo unavyosukuma.
e) Koronarografia. Mrija mwembamba unapitishwa katika mshipa wa mkono ao wa paja mpaka moyoni, dawa inaingizwa, na radio inaonyesha mahali palipozibwa.

Njia hii ya mrija ilianza na Werner Forssmann, dokta kijana wa Ujerumani. Mwaka 1929 alijiingizia mrija katika mshipa wa mkono wake mwenyewe, akaenda kwenye radio kuonyesha kwamba umefika moyoni. Mwaka 1956 alipata zawadi ya Nobel pamoja na wengine wawili. Mwaka 1958 Mason Sones, huko Cleveland, Marekani, aliona dawa ya radio imeingia katika koronari bila kukusudia. Waliogopa mgonjwa atakufa, lakini aliishi. Kwa hiyo ikajulikana kwamba mishipa hiyo inaweza kupigwa radio.

4. WANAIFUNGUA NAMNA GANI?

Dawa: aspirini inazuia damu kuendelea kuganda. Kuko pia dawa za kuyeyusha damu iliyokwisha kuganda. Zinasaidia zaidi katika saa za kwanza, na nyuma ya saa 12 faida yake ni ndogo sana. Ni dokta anayeamua, kwani zinaweza kuleta kutoka damu kubaya.

Baluni: tarehe 16/9/1977, huko Zurich, Andreas Grüntzig alipitisha baluni ndogo ndani ya koronari, akaijaza, na njia ikapanuka. Tangu 1986, kuanzia kwa Jacques Puel huko Toulouse, wanaweza kuacha pale stenti, ni kusema kibomba cha wavu wa chuma kinachozuia mshipa usijifunge tena.

Pontaje: barabara ikikatwa na maporomoko, tunatafuta njia ya kando. Ndivyo alivyofanya René Favaloro, Mwarjentina, mwaka 1967 huko Cleveland: alitwaa mshipa wa mguu, akaushona ili damu iruke mahali palipozibwa.

5. NA SISI WA HUKU?

Baluni na pontaje viko mbali nasi. Ukivuka Kasindi, kuko Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Mulago, Kampala. Mbali zaidi, Dar es Salaam, kuko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza 2015. Lakini aliyeshikwa usiku huu hawezi kungoja safari hiyo. Kinachomsaidia kwanza ni saa zisizopotea. Asitembee kwa miguu, asipewe mizizi ya tumbo "tuone kesho." Apelekwe mara moja hospitali, na muganga aambiwe tangu mwanzo: "Ni kifua, kimeanza saa fulani." Kuomba ni vizuri, lakini tuombe tukiwa njiani.

MAULIZO

1. Kwa nini moyo uliojaa damu unaweza kukosa damu?
2. Eleza tofauti ya maumivu yanayoisha kwa kupumzika na yale yasiyoisha.
3. Stenti na pontaje vinatofautiana namna gani?
4. Kazi ya nyumbani: uliza ni hospitali gani iliyo karibu na kwenu yenye mashine ya elektrokardiogramu, na kama inafanya kazi usiku. Andika jibu, ulisomee wazazi. Afadhali kujua leo kuliko kuuliza siku ya hatari.