SOMO: KIONGOZI AKIUAWA, KAZI INABAKI MIKONONI MWA NANI?



Tarehe 13 Oktoba ni siku ya mapumziko katika nchi yetu. Wengi wetu hapa Ruziba tunajua jina la anayekumbukwa siku hiyo. Yaliyofuata kifo chake hatuyasemi mara nyingi, na humo ndimo lilimo somo la mfanyakazi.

1. Mtu mwenyewe

Muganwa Louis Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa. Mwaka 1957 aliunda ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Usumbura. Kisha akawa kiongozi wa chama cha UPRONA, akidai uhuru, akiwaunganisha Wahutu na Watutsi. Watawala Wabelgiji hawakumtaka. Mwaka 1960 walimfungia nyumbani, na chama cha PDC, walichokipendelea, kikashinda uchaguzi wa makomini. Lakini tarehe 18 Septemba 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, wananchi walipiga kura tena. UPRONA ilipata viti 58 katika 64. Rwagasore akawa waziri mkuu, mwenye miaka 29.

2. Risasi

Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, wiki mbili tu baadaye, alipigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika. Aliyefyatua ni Mgiriki, Jean Kageorgis. Mahakama ilisema kwamba nyuma yake walikuwapo viongozi wa PDC. Kageorgis alihukumiwa kufa, akauawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano walinyongwa Gitega mwezi wa Januari 1963. Juu ya Wabelgiji maneno hayajaisha: mwaka 2018 serikali ya Burundi iliilaumu Ubelgiji hadharani.

Tukumbuke: mshika bunduki ni mmoja, wanaomtuma ni wengine. Hata shambani, kapita anayekuletea barua ya kufukuzwa siye aliyeiandika.

3. Yaliyofuata

Wauaji walikamatwa, uhuru ulifika, lakini umoja ulivunjika. Watu wengi walikuwa wameweka tumaini lote juu ya mtu mmoja. Alipoondoka, wakubwa wa chama waligombea nafasi yake, na ukabila ukapata mlango. Mwezi wa Januari 1962, mtaani Kamenge, vijana wa UPRONA waliwaua viongozi wa sendika za Kikristo. Hao hawakuwa wakoloni. Walikuwa watetezi wa wafanyakazi kama sisi. Tarehe 15 Januari 1965 waziri mkuu mwingine, Pierre Ngendandumwe, alipigwa risasi hapa Bujumbura. Damu iliita damu.

4. Tunachojifunza

Sisi hatuna walinzi wala majumba. Tuna daftari, sanduku la michango na umoja wetu. Basi tufanye hivi:

Daftari la wanachama lijulikane na watu watatu, si katibu peke yake. Funguo za sanduku zikae kwa watu wawili. Kila mjumbe awe na msaidizi anayekwenda naye kwa mwajiri, ili ajifunze maneno ya kusema. Katibu akifukuzwa kazi, tukutane juma hilo hilo, tuchague wa kuendelea kwa muda, na tudai haki ya aliyefukuzwa. Na mtu akianza kuuliza kabila la anayechaguliwa, tumnyamazishe kwa adabu pale pale mkutanoni.

Kiongozi mwema tumheshimu. Lakini mzigo wa wengi ukiwekwa kichwani mwa mmoja, siku akianguka unamwagika wote.

Maswali ya kujadili

a) Katibu wetu akikosekana kesho, nani anajua michango ni kiasi gani?
b) Nani alifaidika umoja ulipovunjika baada ya mwaka 1961, na nani alilipa?
c) Kazini kwetu, maneno gani hutumiwa kututenganisha?

Jibuni pamoja, mkiandika majina ya wasaidizi kabla ya kutawanyika.