Maili za ndege ni mali yako, usiziache zipotee

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuzungumzie jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, nalo ni maili za ndege. Nimefanya kazi ya kukata tiketi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Abiria ninaowahudumia ni watu wa kawaida: wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou na Istanbul, akina mama wanaofuata bidhaa Dubai, wanafunzi, mahujaji wa Umra, na ndugu zetu walioko Oman na Ulaya wanaokuja kuwaona wazee. Nikiwauliza namba ya uanachama ya shirika la ndege, wengi hunijibu, "Hayo ya wakubwa bwana, wewe nikatie tiketi tu."

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Ukweli ni kwamba gharama ya maili hizo imo ndani ya nauli unayolipa, uwe umejiandikisha au hukujiandikisha. Kujiandikisha ni bure. Kwa hiyo anayesafiri mara nne kwa mwaka bila namba ya uanachama anawachangia wenzake safari, naye hapati kitu. Je, huo si ukarimu wa kupitiliza?

Mambo haya yalianzaje?

Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliondoa udhibiti wake juu ya nauli na njia za ndege za ndani ya nchi hiyo. Mashirika yakaanza kunyang'anyana abiria. Tarehe 1 Mei 1981, American Airlines ikaanzisha mpango wake uitwao AAdvantage: kila unaposafiri unaandikiwa maili, na zikifika kiwango fulani unapewa tiketi. Siku chache baadaye United nayo ikaja na wa kwake. Tangu hapo karibu kila shirika kubwa duniani limefuata. Emirates ilianzisha Skywards mwaka 2000, Ethiopian ina ShebaMiles, Turkish ina Miles&Smiles, Saudia ina Alfursan, na Qatar ina Privilege Club, ambayo tangu mwaka 2022 inatumia pointi ziitwazo Avios.

Tusidanganyike kwamba hii ni sadaka. Ni biashara, tena kubwa. Mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona umeziweka ndege chini, United ilitangaza kuuweka rehani mpango wake wa maili ili ipate mkopo wa dola bilioni 5, na tathmini ikaonyesha kwamba mpango huo peke yake una thamani ya takriban dola bilioni 22. Mashirika huuzia mabenki na maduka maili kwa mabilioni, na nyingine hazitumiwi kabisa. Wao wana daftari la kila maili. Je, wewe unalo lako? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Somo la kwanza: kusanya mahali pamoja

Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuwa na kadi tano, na katika kila kadi maili chache zisizotosha hata kufika Nairobi. Dawa yake ni kuyajua makundi. Mashirika mengi yameungana katika miungano mitatu: Star Alliance iliyoanzishwa mwaka 1997, oneworld mwaka 1999, na SkyTeam mwaka 2000. Ukisafiri na shirika mojawapo, kwa kawaida unaweza kuagiza maili ziandikwe katika akaunti yako ya shirika jingine la muungano uleule.

Ethiopian na Turkish zote ziko Star Alliance. Mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa, na safari nyingine akaenda Istanbul kufuata nguo, hana haja ya akaunti mbili. Achague moja, safari zote ziingie humo. Kenya Airways, KLM na Saudia ziko SkyTeam. Qatar iko oneworld tangu mwaka 2013, na Oman Air ikajiunga huko mwaka 2025. Emirates haimo katika muungano wowote, ila flydubai inatumia Skywards pia tangu mwaka 2018. Kwa hiyo tazama njia unayopita mara nyingi, kisha chagua kundi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe kimoja.

Hapa kuna jambo linalowahusu hasa watu wenye majina kama yetu. Jina katika akaunti lazima lifanane na lililo katika pasipoti na tiketi. Pasipoti ikisema Mohamed na akaunti ikasema Muhammad, au jina la babu likaachwa upande mmoja, maili zinaweza kukataliwa. Vilevile usikubali wakala akuandikishe kwa simu na barua pepe yake yeye. Siku ukitaka kuingia katika akaunti yako, ujumbe wa uhakiki utakwenda kwake.

Somo la pili: tiketi hazilingani

Watu wawili wanaweza kukaa viti vya jirani, mmoja akaandikiwa maili mara kadhaa zaidi ya mwenzake. Sababu ni aina ya nauli. Emirates, kwa mfano, katika daraja la kawaida huwa na nauli ziitwazo Special, Saver, Flex na Flex Plus, na ya chini kabisa ndiyo yenye maili haba. Mashirika mengine yameacha kuhesabu umbali na yanahesabu fedha uliyolipa. Delta na United zilifanya hivyo mwaka 2015, na Flying Blue ya Air France na KLM mwaka 2018.

Simaanishi ununue tiketi ghali ili upate maili. La hasha! Ninachosema ni uulize kabla ya kulipa. Pengine tofauti ni ndogo, na nauli ya juu kidogo inakupa maili zaidi, kilo zaidi, na ruhusa ya kubadili tarehe. Tiketi za kundi, kama zile za misafara ya Umra, mara nyingi hutoa maili kidogo au hazitoi kabisa. Muulize kiongozi wa msafara mapema. Na bodingi pasi usiitupe mpaka uone maili zimeingia. Zisipoingia unaweza kuzidai, lakini kila shirika lina muda wake wa mwisho wa kupokea madai.

Somo la tatu: jua maili moja ina thamani gani

Watu husema tiketi ya maili ni ya bure. Si kweli, kwa sababu kodi na tozo bado utalipa, na mara nyingine tozo hizo ni nzito. Hesabu yake ni nyepesi: chukua bei ya tiketi kwa fedha taslimu, toa kodi na tozo utakazolipa ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili zinazotakiwa.

Tuchukue mfano. Tiketi ya dola 450 inahitaji maili 40,000 pamoja na tozo za dola 250. Umeokoa dola 200 tu, yaani kila maili imekupa nusu senti. Msimu mwingine tiketi ileile imepanda hadi dola 950, maili ni zilezile 40,000, na tozo dola 270. Sasa umeokoa dola 680, yaani senti 1.7 kwa kila maili. Maili ni zilezile, lakini thamani imezidi mara tatu. Funzo ni kwamba nauli ikiwa rahisi lipa fedha, na ikipanda tumia maili. Kumbuka pia kwamba tiketi ya fedha inakuongezea maili, ya maili kwa kawaida haikuongezei.

Ila viti vya maili huwa vichache, na msimu ukikaribia huisha. Anayetaka kumpeleka mzazi Umra katika Ramadhani asisubiri Shaaban ndipo afungue akaunti yake. Aangalie miezi mingi kabla.

Mtu aliyeonyesha maana ya kupiga hesabu ni mhandisi mmoja wa California, David Phillips. Mwaka 1999 kampuni ya vyakula ya Healthy Choice ilitangaza kutoa maili kwa wanaonunua bidhaa zake. Yeye akagundua kwamba vikombe vya pudini vya senti 25 navyo vinahesabiwa. Akanunua zaidi ya 12,000 kwa takriban dola 3,140, vikombe akavitoa msaada kwa Salvation Army ambao waliwasaidia kubandua lebo, na akajipatia zaidi ya maili milioni 1.2. Wengine walisoma tangazo lilelile wakalipita.

Somo la nne: kwa mwenye mzigo, daraja ni bora kuliko tiketi

Mipango mingi ina hesabu mbili: maili za kutumia, na maili za kupandia daraja. Za pili hazinunui tiketi, ila zikifika kiwango unapanda kuwa fedha, dhahabu na kuendelea. Kwa mfanyabiashara hapa ndipo penye faida. Mwanachama wa dhahabu wa Star Alliance huruhusiwa kilo 20 za ziada pale mzigo unapopimwa kwa kilo, au begi moja la ziada pale unapohesabiwa kwa idadi. Anayejua bei ya mzigo uliozidi katika kaunta ya uwanja wa ndege atajua kilo 20 kwa kila safari ni fedha ngapi kwa mwaka. Maili za daraja huhesabiwa ndani ya muda maalumu, kwa hiyo ukibakiza kidogo kabla ya muda kwisha, panga safari zako kwa akili.

Somo la tano: maili zina umri

Maili za Skywards hudumu miaka mitatu hivi, kisha huisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Avios za Qatar huisha ukikaa miezi 36 bila kuongeza wala kutumia. Pia shirika linaweza kupandisha idadi ya maili zinazohitajika kwa tiketi, na hukulipwa fidia. Na shirika lenyewe likifa? Septemba 2001 shirika la Ansett la Australia lilianguka, na wanachama wake wakabaki na pointi zisizo na pa kuzipeleka. Maili si akiba ya uzeeni. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Zitumie.

Kama za mtu mmoja hazitoshi, unganisheni. Skywards, kwa mfano, inaruhusu familia kuweka maili zao katika chungu kimoja. Safari za baba, mama na watoto zikikaa pamoja, zinaweza kumpatia tiketi bibi ambaye hajawahi kupanda ndege.

Maili za nani?

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza. Wengi wetu tunasafiri kwa tiketi za ofisi, za serikali au za taasisi, hata za misikiti na madrasa. Maili huandikwa kwa jina la msafiri. Je, ni zake?

Jibu linategemea kanuni ya aliyelipa. Marekani ilipitisha sheria Desemba 2001 iliyowaruhusu wafanyakazi wa serikali kuu kubaki na maili za safari za kikazi. Ujerumani ilikuwa kinyume: wabunge walitakiwa kuzitumia kwa safari za kazi tu. Mwaka 2002 ilipofichuliwa kwamba baadhi yao wamezitumia kwa mambo yao, Gregor Gysi, aliyekuwa na dhamana ya uchumi katika serikali ya jiji la Berlin, alijiuzulu tarehe 31 Julai. Tiketi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini imani ya watu ni kubwa. Kwa hiyo uliza, na upate jibu la maandishi. Kama mwajiri ameruhusu, tumia kwa raha zako. Kama hajaruhusu, ni amana. Na kumkatia ofisi tiketi ghali ili wewe upate maili ni kula mali ya watu, hilo halihitaji kanuni.

La mwisho ni kadi za mkopo zinazogawa maili, ambazo ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanazifahamu sana. Ukiacha deni hata mwezi mmoja, riba huanza kukimbia. Riba kwetu ni haramu, na hata kwa hesabu tupu, maili ya senti moja haiwezi kushindana na riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Atakayekuambia umefaidi amekudanganya.

Basi ndugu msomaji, kabla ya safari yako ijayo fanya mambo matatu. Jiandikishe katika mpango mmoja unaolingana na njia zako, kwa jina kama lilivyo katika pasipoti. Mpe wakala namba hiyo kabla hajakata tiketi. Kisha andika katika daftari una maili ngapi na zinaisha mwezi gani. Ukifanya hivyo, safari unazozilipia kwa jasho lako zitakurudishia sehemu ya haki yako, Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.