Mgonjwa na Mganga Wakigombana

Leo tunazungumzia ugomvi wa zahanati. Wengi wetu tumeuona.

Mama amefika na mtoto mwenye homa. Mganga anamtoboa mtoto kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Baada ya robo saa anasema: "Hana malaria." Mama anakasirika. "Mtoto anawaka moto, wewe unasema hana! Mchome sindano." Mganga naye amechoka, benchi limejaa watu. Anajibu kwa ukali: "Kama unajua kuliko mimi, mtibu mwenyewe."

Sisi tunaona mama hana kosa kuuliza. Mtoto ni wake. Tena zamani karibu kila homa iliitwa malaria, na sindano ndiyo ikaonekana dawa hasa. Ni mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza. Maana homa huletwa pia na nimonia, yaani kichomi, na dawa ya malaria haiponyi kichomi. Mtoto anaweza kufa huku wazazi wanangoja dawa ifanye kazi.

Kwa hiyo mganga asichome sindano ili kelele ziishe. Hiyo si huruma. Sindano huweza kuleta jipu, au kuumiza mshipa wa fahamu, mtoto akabaki anachechemea. Lakini kukataa tu hakutoshi. Aeleze kwa maneno ya kawaida: kipimo kimeonyesha nini, yeye anafikiri ni ugonjwa gani, na dalili gani zikitokea mama arudi mbio, hata usiku. Mtoto hawezi kunyonya. Anatapika kila kitu. Ana degedege. Anapumua haraka na mbavu zinaingia ndani. Na maelezo hayo yasitolewe kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima.

Mama naye aseme kweli. Kama alishampa mtoto vidonge vya dukani au dawa ya mitishamba, asifiche. (Mganga mwenye kugombeza hufichwa mengi!)

Wasiposikilizana, mama aombe mganga mwingine amwangalie mtoto, au barua ya kwenda kituo cha afya. Malalamiko yapelekwe kwa mganga mfawidhi au kamati ya zahanati, lakini mtoto atibiwe kwanza. Hata mganga akitukanwa, aliyetukana si mtoto.

Swali la kujadili kikundini: Mganga anasema mtoto apelekwe hospitali ya wilaya leo hii. Baba anakataa kwa sababu hana nauli, ila anaona aibu kusema. Mganga afanye nini ili aijue sababu hiyo?