Ile "Update" ya WhatsApp: Sahihi Ikiwa Halali na Simu Bado Ikadanganywa

Kuna faili ambayo haiishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Inakuja na maneno kama "toleo jipya, halili data", na jina lake linaishia na herufi tatu: APK. Anayekutumia mara nyingi si mwizi. Ni binamu, ni ami yako, ni jamaa wa stage ya tuk-tuk pale Malindi ambaye naye alitumiwa na mwenzake. Nia yake ni kukuokolea bundles tu.

Wengi wakionywa hujibu hivi: "Kama faili ni mbovu, si simu yenyewe itakataa?" Ni swali zuri, na kwa kawaida simu hukataa kweli. Lakini kuna udhaifu mmoja uliofanya simu ikubali faili iliyochezewa huku ikiamini kabisa kwamba imekagua vizuri. Simu za enzi hizo hazijaisha. Ziko mifukoni mwa watu, zinapokea malipo ya samaki Mayungu na ya vyumba vya wageni Watamu. Kwa hivyo tuuelewe.

Sahihi ya programu ni nini

Kila programu ya Android hutiwa sahihi na aliyeitengeneza. Si sahihi ya kalamu, ni hesabu ya siri ambayo mtu mwingine hawezi kuigiza. Sasisho likija, simu huuliza jambo moja kubwa: je, sahihi hii ni ileile ya programu iliyomo tayari? Ikiwa ndiyo, programu mpya inarithi kila kitu cha ile ya zamani. Inarithi data iliyohifadhiwa na ruhusa ulizotoa, kama kusoma SMS au kuona majina ya watu wako.

Ndiyo maana hujisajili upya kila mara programu ya malipo inapojisasisha. Ni raha kwako. Kwa mwizi, urithi huo ndio hazina yenyewe, na kinachomzuia ni sahihi tu.

Faili moja, wasomaji wawili

Mwaka 2017 kampuni ya Ubelgiji iitwayo GuardSquare iligundua njia ya kupita ukaguzi huo bila kugusa sahihi hata kidogo. Iliwaarifu Google mwezi Julai, na kiraka kikatangazwa Desemba mwaka huohuo. Udhaifu ukapewa nambari CVE-2017-13156 na jina Janus, yule mungu wa Warumi wa kale mwenye nyuso mbili. Jina linafaa sana, utaona.

Ndani ya Android kuna sehemu inayokagua sahihi, na kuna sehemu nyingine inayoendesha programu zenyewe. Hii ya pili inaitwa Android Runtime, au ART, na ilichukua nafasi ya ile ya zamani, Dalvik, kuanzia Android 5.0 ya mwaka 2014. Zote mbili hupewa faili moja, lakini haziisomi kwa namna moja. APK ni kifurushi cha aina ya zip, na orodha ya vitu vilivyomo huwekwa mwisho wa faili. Mkaguzi wa sahihi huanzia huko mwisho: anasoma orodha, anakagua kimoja kimoja kilichoandikwa, basi. ART yenyewe hutazama mwanzo wa faili. Ikikuta mwanzo huo una alama ya msimbo ulio tayari kuendeshwa, inauendesha palepale, haina habari na orodha ya mwisho.

Chukua mfano wa gunia la korosho. Muhuri umeshonwa chini, pamoja na karatasi ya kuonyesha kilichomo. Mkaguzi anainamisha kichwa, anasoma karatasi, anatazama korosho zilizotajwa, zote zipo, muhuri haujakatwa. Anapitisha. Kule jikoni mpishi anafungua gunia kwa juu, na cha kwanza kutoka ni kitu ambacho mtu alikimimina juu ya korosho njiani. Mkaguzi hakuzembea. Karatasi haikudanganya. Ila hakuna aliyemwambia atazame juu.

Hivyo ndivyo Janus ilivyofanya kazi. Mshambuliaji alichukua programu halali, akabandika msimbo wake mbele, na sahihi ikabaki halali. Simu ikaona ni sasisho la kawaida, ikairuhusu irithi kila kitu. Hakuna onyo jekundu, wala programu haibadiliki jina au picha.

Na si nadharia ya maabara. Julai 2019 kampuni ya usalama ya Check Point ilieleza programu hasidi waliyoipa jina Agent Smith. Kwa makadirio yao ilikuwa imeingia kwenye simu zipatazo milioni 25, nyingi zikiwa India, Pakistan na Bangladesh. Ilikuwa ikibadilisha programu zilizokuwa tayari kwenye simu, WhatsApp ikiwa mojawapo, kwa kutumia udhaifu kadhaa wa Android, Janus ukiwemo. Kazi yake ilikuwa kuonyesha matangazo, lakini walioichunguza walisema njia hiyohiyo ingeweza kutumika kuiba siri za benki. Jambo la kuangalia ni muda: kiraka kilikuwa kimetoka mwaka mmoja na nusu kabla ya ripoti hiyo. Simu hizo hazikuwa zimekipata. Na ilianza kusambaa wapi? Kupitia duka la programu la pembeni liitwalo 9Apps, si Play Store.

Simu yako iko upande gani

Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, tafuta toleo la Android na tarehe ya kiraka cha usalama. Kwenye simu nyingine tarehe hiyo imefichwa ndani ya toleo la Android, bonyeza hapo utaiona. Janus inahusu Android 5.0 hadi 8.0. Ukiona tarehe ni Desemba 2017 au baadaye, tundu hili limezibwa kwako.

Ikiwa tarehe ni ya nyuma zaidi, namba ya toleo ina maana kubwa. Android 7.0, iliyotoka 2016, ilileta namna mpya ya kutia sahihi ambayo hufunga faili nzima, juu hadi chini, si vile vitu vya kwenye orodha peke yake. Programu iliyotiwa sahihi hiyo haichezewi kwa Janus kwenye Android 7 kwenda juu. Lakini Android 5 na 6 haziijui sahihi mpya, zinasoma ya zamani tu. Huko kinga ya simu ni kiraka, na kama mtengenezaji aliacha kutuma viraka, kinga inabaki kuwa mkono wako: usiweke APK ya kutumiwa. (Mwenye 4.4 asishangilie. Ana matundu mengine ya kumtosha.)

Kama kuna sasisho la mfumo linalosubiri, lifanye leo. Ni kubwa, ndiyo, kwa hivyo tafuta Wi-Fi na uchaji simu kwanza. Halafu angalia kitu ambacho mafundi wa simu husahau kukirudisha: ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya Play Store. Kwenye simu za zamani iko chini ya Usalama, imeandikwa "Vyanzo visivyojulikana". Kuanzia Android 8 kila programu hupewa ruhusa hiyo peke yake, kwa hivyo angalia WhatsApp, kivinjari, na ile programu ya kurushiana faili. Zima zote. Hutapoteza kitu.

Na ami akituma faili? Huna haja ya kumvunjia heshima. Mwambie, "Shikamoo ami, ahsante, nitumie jina lake tu niitafute Play Store." Imekwisha. Sisi pia hatumtumii mteja programu kwa WhatsApp, kwa Bluetooth wala kwa kiungo cha SMS, hata siku moja.

Kama tayari uliiweka

Hapa mpangilio ndio kila kitu, na ndipo watu hukosea kwa haraka. Mtu akishtuka, cha kwanza anabadilisha PIN, tena ndani ya programu ileile anayoishuku. Amempelekea mwizi PIN mpya ingali moto.

Anza kwa kuiondoa programu kabisa. Usiweke sasisho juu yake, iondoe, ili data yake ifutike nayo. Zima zile ruhusa tulizotaja, kisha iache Play Protect ichunguze simu nzima. Halafu badilisha PIN kwa menyu ya laini, ile ya kubonyeza nyota na reli. Ikiwa una kabambe nyumbani, hamishia laini huko kwa dakika tano na ubadilishe PIN hapo, ni salama zaidi. Mwisho ndipo uweke programu upya kutoka Play Store, na upitie taarifa ya miamala tangu siku uliyoweka ile faili. Ukiona muamala usioujua, pigia huduma kwa wateja saa hiyohiyo. Kama pesa imekwenda, piga ripoti kituo cha polisi upewe nambari ya OB, maana utaulizwa.

Mwenye simu ya Android 5 au 6 isiyopata viraka tena, na ambaye pesa za stoki zinalala kwenye laini hiyo, tunamshauri aache programu na atumie menyu ya laini kwenye kabambe. Haina picha nzuri, lakini ART haimo ndani yake. Na ukienda kununua simu ya mkono wa pili, iwe Mtwapa au Kilifi mjini, kabla ya kuulizia kamera na betri mwombe muuzaji akufungulie Kuhusu simu usome tarehe ya kiraka mwenyewe. Ikiwa ni ya kabla ya Desemba 2017 na hakuna sasisho jipya, hiyo si simu ya kuwekea pesa za biashara, hata ikipunguzwa bei namna gani.