Kazi ya Mwalimu Mwezi wa Januari, na Hasara ya Kuchelewa

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mwalimu huanza kengele inapolia na watoto wakapanga mstari. Sivyo. Kengele ya siku ya kwanza ya mwaka humkuta mwalimu amekwisha kufanya kazi ya siku kadhaa, nayo ni kazi asiyoiona mtu apitaye njiani. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wenyeviti wa vitongoji na wazazi wenye watoto wa darasa la kwanza, jinsi kazi hiyo ilivyo katika shule zetu za vijijini hapa Tanzania, wapate kufahamu sababu ya sisi kuwasumbua kwa jambo moja tu, nalo ni tarehe.

Likizo ya Desemba huiacha shule pweke. Popo huingia darini, mchwa hupanda miguu ya madawati, na nyasi za mvua hukaribia madirisha. Mwalimu mkuu hugawa kazi: huyu ahesabu vitabu, yule madawati, mwingine aangalie vyoo. Kisha kila mwalimu huketi kuandika azimio la kazi, yaani mpango wa mafundisho kwa miezi na majuma, na katika hilo hutoa andalio la somo la kila siku.

Lakini jambo lenye taabu kubwa ni daftari la mahudhurio. Mtoto akiulizwa jina lake hutaja lile aitwalo nyumbani na bibi yake. Mama hutaja jingine. Na cheti cha kuzaliwa kina la tatu. Mzazi huona ni neno dogo, akasema, "Mwalimu, andika lolote." Hatuwezi. Jina liandikwalo siku ile ndilo litakalomfuata mtoto darasa hata darasa, na kulibadili baadaye ni safari za ofisini zisizokwisha. Tena kuna shauri la umri. Zamani mtoto aliamriwa kupitisha mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, na akiligusa huhesabiwa amefika. Bila shaka wazee wengi wasomao habari hizi walipimwa hivyo. Kilikuwa kipimo cha watu wasio na vyeti, nacho kilimdhulumu mtoto mwenye mikono mifupi. Siku hizi twaomba cheti cha kuzaliwa, na asiye nacho na alete kadi ya kliniki.

Kanuni husema mwalimu mmoja wa shule ya msingi awe na watoto 45. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 2001, na michango ya lazima ikakatazwa kuanzia Januari 2016. Tukashukuru, maana walikuja watoto ambao wasingalikuja kamwe. Lakini walimu hawakuongezeka kwa mwendo ule ule, hata si ajabu mwalimu kuona mbele yake watoto 80 au 100 katika chumba kimoja.

Sasa twafika kwenye tarehe. Majuma ya kwanza ya darasa la kwanza ni ya sauti. Mtoto hufundishwa irabu, a, e, i, o, u. Kisha hupewa konsonanti moja moja, aiunganishe na irabu zile: ma, me, mi, mo, mu. Lugha yetu ya Kiswahili ina bahati kubwa katika jambo hili, kwa kuwa irabu hizo husomwa kwa sauti ile ile popote zilipo. Basi aliyezishika tano hizo sawasawa, silabi nyingine humjia upesi. Asiyezishika hana pa kuanzia, maana kila somo hukaa juu ya lililotangulia.

Na ubaya wake hauonekani. Mtoto aliyechelewa hukaa kati ya wenzake, wakiimba "mama, meza, moto" naye huimba. Tulipata kumfundisha mtoto mmoja aliyeletwa mwezi wa Machi. Alikuwa shambani akifukuza ngedere wasifukue mbegu, na kazi ile aliifanya kwa uaminifu. Alisoma ukurasa wote bila kukwama, tukafurahi. Siku moja tulifunika picha ya jogoo kwa kiganja, tukamwambia asome neno lililo chini yake. Akanyamaza. Kumbe alikuwa akisoma picha. Ilitupasa kumrudisha kwenye irabu kila jioni hata mwisho wa mwaka, na hao ndio waliotambuliwa, wangapi hawakutambuliwa?

Hatuwalaumu wazazi. Twajua kwamba katika nchi zenye msimu mmoja wa mvua, Januari ni mwezi wa palizi, na ghala imepungua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto, lakini sheria haipalilii shamba. Twawaomba wenyeviti wafanye orodha mwezi wa Novemba ya watoto wote wa kitongoji watakaofika umri, wawaendee wazazi nyumbani kabla ya mvua kukolea, na mahali penye shida ya mikono majirani wapatane zamu ya kulinda mashamba.

Na ikiwa mtoto amechelewa, mleteni hata hivyo, wala msimfiche mpaka mwakani. Semeni kweli ni juma la ngapi alilokosa. Tutamweka dawati la mbele, kando ya mwenzake azijuaye irabu, tuanze naye kwenye a. Aje na daftari, na kalamu ya risasi iliyochongwa ncha mbili, maana ile ya ncha moja huvunjika kabla ya saa nne.