Somo la 14: Moshi, Mkaa na Joto la Dunia

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba hewa ni mchanganyiko wa gesi. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Sehemu 1 iliyobaki ni gesi nyingine, na miongoni mwake imo kabonidayoksaidi kidogo sana. Sasa utajifunza jinsi moto unavyoibadili hewa hiyo.

Jaribio la 1: Masizi

Vifaa: mshumaa, kibiriti na sahani nyeupe ya bati.

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu. Washa mshumaa. Shika sahani juu ya mwali kwa muda mfupi, kisha tazama upande wake wa chini. Unaona nini?

Weusi huo ni masizi, yaani chembe za kaboni ambazo hazikuungua sawasawa. Masizi ya namna hiyo ndiyo yanayotia weusi kuta za jiko la kuni. Mpishi huyavuta pamoja na pumzi yake. Chembe zilizo ndogo kabisa hufika ndani ya mapafu na kuleta maradhi. Mtoto mdogo akaaye karibu na moto huweza kupata nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani.

Mkaa usiotoa moshi

Mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi. Je, hewa yake ni salama? La! Mkaa ukiungua mahali penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kabonimonoksaidi. Gesi hii haionekani wala haina harufu. Ikiingia katika damu huchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, huzimia, na huweza kufa usingizini bila kujua.

Kwa hiyo usilale kamwe katika chumba chenye jiko la mkaa linalowaka, hata kama baridi ni kali. Ukimkuta mtu amezimia katika chumba kama hicho, usikae humo. Fungua mlango, ita watu wazima wamtoe nje penye hewa safi, na apelekwe hospitali upesi.

Jaribio la 2: Joto lililozuiwa

Vifaa: vipimajoto viwili na chupa ya kioo yenye mdomo mpana.

Weka vipimajoto vyote viwili juani. Kimoja kifunike kwa chupa. Baada ya dakika 20 visome. Kipi kinaonyesha joto zaidi?

Mwanga wa jua hupenya kioo, lakini hewa iliyopata joto ndani ya chupa haina pa kutokea. Dunia haikufunikwa kwa kioo. Hata hivyo, kabonidayoksaidi iliyomo hewani hunasa sehemu ya joto linalopanda kutoka ardhini na kulirudisha chini. Bila ya gesi za namna hii dunia ingekuwa na baridi mno. Tatizo ni kuzidi kwake.

Mwaka 1958 mwanasayansi Charles David Keeling alianza kuipima gesi hiyo katika mlima Mauna Loa, visiwa vya Hawaii. Wakati huo katika kila sehemu milioni 1 za hewa zilikuwamo sehemu 315 hivi za kabonidayoksaidi. Mwaka 2024 zilizidi 420. Tangu miaka ya 1880 joto la dunia limepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya sentigredi.

Gesi hiyo imetoka wapi? Nyingi imetokana na makaa ya mawe, petroli, dizeli na gesi asilia vinavyochomwa katika viwanda, magari na mitambo ya umeme. Ukataji wa misitu pia huiongeza, kwani mti ulio hai hutumia kabonidayoksaidi kutengeneza chakula chake, na mti uliochomwa huirudisha hewani. Nchi za Afrika zimechangia sehemu ndogo tu, lakini ukame na mafuriko hayachagui nchi.

Tufanye nini?

1. Tumia kuni zilizokauka vizuri. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.
2. Pikia mahali panapopitisha hewa. Jiko sanifu hutumia kuni au mkaa kidogo kuliko mafiga matatu.
3. Inapowezekana, familia itumie gesi au umeme kupikia.
4. Usichome plastiki. Moshi wake una sumu.
5. Panda miti na kuitunza mpaka ikue.
6. Serikali na viwanda vitumie zaidi nguvu za maji, jua na upepo.

Kazi hii yawezekana. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006, na mwaka 2021 Algeria ikawa ya mwisho duniani kuiacha. Hewa iliyochafuliwa na watu, watu wanaweza kuisafisha.

Maswali

1. Masizi ni nini?
2. Kwa nini kabonimonoksaidi ni ya hatari kuliko moshi unaouona?
3. Eleza jinsi kabonidayoksaidi inavyoongeza joto la dunia.
4. Chunguza jiko la nyumbani kwenu. Moshi wake hutokea wapi? Andika jambo moja mnaloweza kulibadili, kisha uzungumze na wazazi wako.