SOMO: KUUNGANISHA FORTRAN NA PYTHON



Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu ya Cabo Delgado. Hali ya hewa hukadiriwa kwa programu kama WRF, iliyoandikwa kwa Fortran, lugha iliyotoka mwaka 1957. Ni kongwe, lakini ina kasi. Vijana wetu wanajua Python. Je, Fortran itupwe? Hasha! Iunganishwe.

Chombo ni f2py, kilichomo ndani ya NumPy. Ukiwa na hesabu zako katika faili upepo.f90, andika:

f2py -c -m upepo upepo.f90

Hesabu hugeuzwa kuwa lugha ya mashine, ikatoka moduli. Ndani ya Python andika import upepo, uitumie.

Hapa ndipo wengi huumia. Usipotangaza njia ya matokeo, f2py huchukulia kila safu ya namba kuwa ya kuingia tu. Fortran ikitaka namba za biti 64, nawe ukaleta za biti 32, safu hunakiliwa kimya kimya. Fortran hujaza nakala. Safu yako hubaki na namba za jana, wala hapana onyo. Basi matokeo yatangaze intent(out), na Python iyapokee. Kisha linganisha namba chache na hesabu ya mkono, kabla hujampa mvuvi wa Palma.